Kivuli cha msonobari huhama: kwa wanaoanza kazi ya kitalu

Wadogo zangu mlioingia kitaluni mwaka huu, nawapenda na nataka mdumu kwenye kazi hii. Ndiyo maana nimeudhika kuona tena miche ya areka, ile pamu ya mapambo ya jamii ya mnazi, imepangwa chini ya misonobari, upande mmoja tu, ikaachwa hapo, na kila mtu ametulia kwa sababu "iko kivulini". Iko kivulini leo. Kujaza viriba, mifuko ya miche, mnajua, kuchanganya mboji na mchanga mnajua, kutofautisha areka na pamu nyingine kama rapisi mnajua. Hayo sitayarudia.

1. Jueni jua liko upande gani wa mti, mwezi kwa mwezi.

Kampala iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Machi na Septemba jua la mchana hukaa utosini, na kivuli cha mti hujikunja chini yake. Desemba jua limeegemea kusini, kwa hiyo kivuli kinalala kaskazini. Juni ni kinyume chake. Msonobari wa mita 20 mwishoni mwa Juni hutupa kilele cha kivuli chake zaidi ya mita 8 kuelekea kusini, na Desemba umbali kama huo kuelekea kaskazini. Jumlisheni wenyewe: ni karibu mita 17 za kuhama kwa nusu mwaka. Na msipime saa sita kamili. Kwa saa zetu jua hufika juu kabisa saa saba kasoro dakika chache.

Nilijifunza kazi kwenye kitalu kilichokuwa na safu ya misonobari ya kukinga upepo, imeshuka toka mashariki hadi magharibi. Desemba moja tulipata oda kubwa ya areka kwa ajili ya hoteli, tukazipanga zote upande wa kaskazini wa safu, kwenye baridi nzuri. Januari na Februari, kiangazi kile kikali, hakuna hata kuti moja lililonyauka. Tulijisifu. Machi hadi Mei mvua zikanyesha, mawingu yakafunika, miche ikanenepa, makuti yakawa na kijani kilichoiva. Mwenye oda alikuja kuangalia akaondoka anacheka.

Juni mvua ikakatika na anga likafunguka. Makuti yakaanza kupauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kisha yakawa kahawia pale juu yanapopindia. Sote tukasema ni kiu. Kumwagilia ilikuwa zamu ya mama mmoja, mtu mzima, mwenye watoto shuleni. Tukamnyooshea kidole. Yeye akaapa kwamba anamwagilia kila asubuhi, na viriba vilikuwa na unyevu, yeyote angeingiza kidole angejua. Hakuna aliyeingiza kidole. Msimamizi akamwondoa kazini. Sisi tukashika mpira wa maji, tukamwaga asubuhi na jioni mpaka viriba vikatoa harufu. Mizizi ikaanza kuoza. Mmoja akaleta dawa ya ukungu. Mwingine akatia mbolea ya urea kwenye mche ambao tayari ulikuwa na mizizi mibovu, na hapo ndipo miche ilipoanza kufa kabisa.

Mzee aliyekuwa mkuu wa kitalu alikuwa kwao msibani. Aliporudi hakugusa hata jani. Alisimama kati ya miche mchana, akatuita, akauliza: "Vivuli vyenu vimeangukia wapi?" Tukatazama chini. Kila mmoja wetu kivuli chake kilielekea kusini, kama cha misonobari. Areka zetu, kaskazini ya safu, zilikuwa juani tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha akauliza yule mama yuko wapi. Tukanyamaza.

Alitumwa mtu kumtafuta. Alikuwa amehama nyumba aliyopanga. Oda tuliipoteza, na hilo linasahaulika. Lakini mtu alinyimwa mkate kwa sababu watu wazima na akili zao hawakutazama juu. Ndiyo maana nawasumbua, na nitaendelea kuwasumbua. Pigeni vigingi ardhini kuonyesha mwisho wa kivuli mchana wa Juni na wa Desemba. Miche ya kivulini ivushwe safu Machi, irudishwe Septemba. Mche ukipauka, ingiza kidole kwenye udongo kabla hujamlaumu mwenzako.

Na kuti lililoungua halirudi kijani. Msilikate lote, sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mche. Mtangoja makuti mapya, na pamu haitoi makuti mapya haraka.

2. Msonobari hunywa kwanza. Mvua ndogo huishia juu kwenye majani yake, na mizizi yake midogo imetandaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo kivuli chake ni kikavu, na Julai mche uliopandwa pale unaweza kufa kwa kiu bila kuonja jua. Mwagilieni kwa kuachanisha siku, lakini maji yazame kweli. Viriba viinuliwe juu ya matofali au mbao, maana vikikaa chini mizizi ya msonobari inaingia kwa tundu za maji. Niliwahi kumwona kijana akivuta kiriba kwa nguvu zake zote na hakitoki. Alipokipasua tukakuta udongo wote umejaa mizizi ambayo si ya pamu. Msikate mizizi minene karibu na shina la msonobari. Upepo wa mvua za Machi utaulaza mti mzima juu ya kazi yenu.

3. Toeni sindano za msonobari, yale majani yake membamba, kwenye moyo wa mche kila wiki. Pamu ya shina moja ina sehemu moja tu ya kukulia. Sindano zikijazana pale hushika maji, moyo ukaoza, na hakuna chipukizi la pembeni litakalowaokoa. Koni nzito na matawi makavu nayo huvunja kuti changa ambalo bado halijafunguka, basi pogoeni matawi ya juu kabla ya kupanga miche.

4. Si kila jamii ya pamu ni ya kivulini. Kamedorea, iliyotoka kwenye misitu ya Meksiko na Guatemala, na rapisi ya kusini mwa China hupenda pale hasa. Areka ya Madagaska inataka nusu kwa nusu. Mnazi, mkindu na mvumo ziacheni juani. Mwale upelekeni bondeni kwenye maji. Mvumo hata msiuhangaikie kwenye kiriba: mbegu yake hushusha chipukizi chini sana kabla ya kuonyesha jani. Mteja mmoja wa Arua alibishana nami juu ya hilo kwa saa nzima, mpaka nikamchimbia mmoja aone. Akaondoka na mbegu, akazipanda moja kwa moja shambani, sasa hunitumia picha.

5. Mkiweka miche kwenye shamba la misonobari la mtu, iwe Mubende au Nakasongola, muulizeni lini atapunguza miti. Ikipandwa mita 3 kwa 3 ni miti 1,111 kwa hekta, na ikishafumbana giza lake ni zito hata kwa kamedorea. Siku wakiingia na misumeno, jua lote linashuka kwa mchana mmoja. Hamisheni miche kabla, na muizoeshe jua la asubuhi kwanza, wakati wa mvua.

6. Madoa ya njano au rangi ya chungwa kwenye makuti ya zamani ni njaa ya potasiamu. Msiyakate, mche unanyonya potasiamu humo ili kulisha makuti mapya. Wekeni mbolea yenye potasiamu inayoyeyuka polepole, kidogo kidogo.

7. Sindano kavu zinashika moto upesi. Tandazeni kwenye viriba kiasi kidogo, lakini zinazobaki zifagiliwe, na ukanda wa udongo mtupu uzunguke miche yote kabla ya Januari. Chai na mahindi ya kuchoma ni upande wa barabara, na anayepika ndiye anayemwaga maji kwenye majivu kabla ya kurudi kazini.