Mchicha kuwa mweusi na watoto kuukataa

Pole dada. Umesema unachemsha mchicha, unamwaga maji, ndipo unaukaanga, unakuwa mweusi na watoto wanausukumia pembeni ya sahani. Hata mimi nilipika hivyo miaka mingi. Shida nyingine ni yale maji ya kijani unayomwaga: vitamini C nyingi na foleti (aina ya vitamini B) zinaondoka nayo.

Osha majani yakiwa mazima, ukate baadaye. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya mpaka ivurugike kabisa, kisha tia mchicha. Maji usiongeze; yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Geuza mara mbili, dakika 3 au 4, epua ungali kijani. Mafuta usiyaogope, bila hayo mwili haufyonzi vizuri karotini inayotupa vitamini A. Mezani kamulia ndimu, au wape pera: madini ya chuma yatafyonzwa zaidi. Chai isubiri saa moja hivi, maana inayazuia.

Wangu walikubali nilipotia tui la nazi. Kijiko cha karanga za kusaga nacho kinafaa (na wali wa jana, we acha tu).

Kisamvu usikipike hivi! Kikiwa kibichi kina sumu, lazima kitwangwe na kichemshwe sana.

Kama kuna anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) hapo nyumbani, asibadili kiasi cha mboga za majani kabla ya kuongea na daktari. Na mtoto akipauka viganja na kuchokachoka, mpeleke akapimwe damu, usingojee mchicha umtibu.