Mkate mweusi na dagaa wa Kibirizi
Dada, umeuliza kama tuliokaa Ujerumani tulikumbuka mkate wa nyumbani. Mimi hapana. Mkate wetu hapa Kigoma ni wa kusindikiza chai: mweupe, laini, una sukari, ukiubana unanywea mkononi. Kule mkate ndio chakula chenyewe. Upo wa nafaka iitwayo rai, mweusi, mchachu kwa kuwa unga wake huchachushwa kwanza, na mzito kama tofali. Jioni wengi wanaula na jibini, kitu baridi, jiko halijawashwa! Mlo huo wanauita Abendbrot, mkate wa jioni. Miezi ya mwanzo nililala kama sijala.

Nilichokosa ni ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa mawese. Mawese niliyapata kwenye duka la Waafrika. Dagaa wakavu nilibeba mwenyewe kutoka Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, ila siku ya kuwakaanga jirani aligonga mlango akiuliza kuna nini kimeungua.

Sasa nimerudi. Wiki hii mbalamwezi inawaka, taa ambazo wavuvi huvutia dagaa usiku hazivuti kitu, dagaa wabichi wamekuwa adimu sokoni. Na utanicheka: jana nimeutamani ule mkate mweusi.