Anza Python na hesabu za kikoba chenu

Jumamosi iliyopita kikoba cha mama yangu kilivunja mzunguko. Mwaka jana mgawo ulikula siku nzima: madaftari yametandazwa mkekani, kila mtu na kikokotoo chake, mweka hazina karibu alie. Safari hii programu niliyoiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilitoa orodha ya kila mwanachama, hisa zake, faida yake na deni alilobakiza. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanahesabu noti zao. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Tangu hapo swali ninaloulizwa ni moja: kaka, na mimi nianzeje?

Mimi sikusoma kompyuta chuoni. Nilikuwa nauza kwenye duka la vipuri vya pikipiki, najifunza usiku nikishafunga. Kuna ofisi moja niliomba kazi. Aliyenihoji aliuliza cheti kiko wapi. Nikamwambia sina, ila ninayo programu ya kumwonyesha. Hakutaka hata kuitazama. Akasema mbele ya wenzake kwamba hawaajiri mafundi wa kuokoteza. Kauli ile inaniuma hadi leo, ndiyo maana kijana akiniandikia kwamba hana cheti, namjibu haraka kuliko wengine.

Python imeandikwa ili isomeke. Mholanzi Guido van Rossum aliianza mwishoni mwa 1989, akaitoa kwa watu 1991. Nafasi unayoiacha mwanzoni mwa mstari ndiyo inayoonyesha kipi kiko ndani ya kipi, na ukiivuruga programu inagoma. Kwa anayeanza hiyo ni faida: unazoea mpangilio tangu siku ya kwanza. Ukikutana na somo linaloandika print, amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini, bila mabano, achana nalo. Hilo ni la Python 2, toleo la zamani ambalo liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020.

Huna laptopu? Nilianza na simu. Pydroid 3, programu ya kuandikia na kuendesha Python, inaingia kwenye simu ya Android, na ikishaingia inaendesha mistari yako hata bando likiwa limeisha. Mwenye kompyuta atumie IDLE, dirisha la kuandikia na kuendesha mistari yako, inayokuja na Python yenyewe.

Sasa chukua hesabu unayoijua. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000. Uliza idadi ya hisa kwa input, amri inayosubiri mtu aandike jibu, kisha zidisha kwa 2000. Andika 5. Unategemea 10000, lakini skrini itajaa tarakimu 5, moja baada ya nyingine, elfu mbili nzima. Sababu ni kwamba input huleta maandishi hata ukiandika namba, na maandishi yakizidishwa hurudiwa. Yapitishe kwanza kwenye int, amri inayoyageuza kuwa namba kamili, jibu litatulia. Jambo hili ukiliona kwa macho yako mwenyewe halikutoki.

Kisha gawa faida. Shilingi 100,000 kwa hisa 340: alama // inakupa 294 kwa kila hisa, na alama % inakuonyesha 40 zilizobaki. Kwetu baki la namna hiyo linakwenda mfuko wa jamii, na uamuzi huo ni wa kikao. Kazi yako ni kuuandika kwenye programu jinsi wanachama walivyokubaliana.

Ndugu zangu, andikeni! Kutazama video usiku kucha si kujifunza. Kunakili na kubandika si kujifunza. Andika kila mstari kwa vidole vyako, uendeshe, ukosee, uandike tena. Kosa likitokea, soma kwanza mstari wa mwisho kabisa wa ujumbe. Hapo pametajwa aina ya kosa, na juu yake utaona namba ya mstari ulioharibika. Wengi wanaona Kiingereza chekundu wanafunga simu. Usifunge. Soma, rekebisha, endesha tena. Na usihame kwenda lugha nyingine kwa sababu rafiki yako kasema hii ni ya watoto.

Hesabu zikikubali, jifunze kuzihifadhi kwenye faili, halafu uingie sqlite3, hifadhidata ambayo tayari imo ndani ya Python na haikugharimu kitu. Ukikwama, nitumie mistari uliyoandika pamoja na ule mstari wa mwisho wa kosa. Nitaisoma yote.