Mtoto wa ndugu yangu analelewa na Wakristo: je, tumchukue?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mwaka 2019 ndugu yangu na mkewe walifariki papo hapo katika ajali ya gari. Wakiishi Nakuru, wakaacha binti mmoja wa miaka mitatu. Hali zetu zilikuwa ngumu, hakuna aliyeweza kumchukua, akabaki kwa jirani Wakristo, na afisa wa watoto akawaandikisha kuwa walezi. Sasa ana miaka tisa. Huenda nao kanisani, na shuleni anaitwa kwa jina la yule baba. Baba yetu alishatangulia, mama yupo na hulia kila akimkumbuka mjukuu wake. Shamba la marehemu lililoko Kilifi tuliligawana sisi ndugu. Kikao cha familia kimeamua tukamchukue, hata kwa nguvu. Je, ni sawa? Na chakula anacholishwa huko ni halali?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na usiloliuliza. Miaka sita mtoto huyu amelishwa, amevishwa na kuuguzwa na watu wasio na nasaba naye, nanyi ami zake mko hai. Basi safari yenu ya kwanza Nakuru iwe ya kushukuru. Mtume (s.a.w.) amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Wala msiwataje kwa kisa cha Musa na Firauni, kama nilivyosikia watu wakisema. Firauni alikuwa akiua watoto. Hawa wameokoa mmoja.

Ama hukumu: katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, mwenye haki ya kumlea mtoto Mwislamu sharti awe Mwislamu. Mahanafi na Wamaliki wamemlegezea mama wa Kikristo au Kiyahudi juu ya mwanawe wa kumzaa, na huyu si mama yake wa kumzaa. Kwa hivyo asili ni mtoto arudi kwa jamaa zake. Lakini kumlea yatima ni faradhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao akiutimiza mmoja wengine husamehewa, na jamaa wa karibu mwenye uwezo ndiye wa mwanzo kuulizwa. Mliporudi kutoka makaburini bila yeye, dhambi haikuwa ya jirani. Tubieni kwa hilo.

Mwaka wa 7 Hijria, Mtume alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti yatima wa Hamza, ami yake Mtume, alimfuata akiita, "Ammi! Ammi!" Ali akamshika mkono. Wakashindana watatu, Ali, Jaafar na Zayd, kila mmoja akitaka kumlea. Mtume akampa Jaafar kwa sababu mkewe alikuwa khale wa mtoto, yaani dada wa mama yake, akasema khale yuko mahali pa mama. Kisomeni kisa hiki kwenye kikao chenu. Masahaba waligombania yatima awe wao. Na tena, katika maelezo yako yote sikuona neno moja juu ya jamaa za mama yake. Je, hana bibi upande ule? Hana khale? Hao wana haki ya kumlea kabla yenu ami.

Kwa nguvu, hapana. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inamtisha anayemtenganisha mama na mwanawe. Ilisemwa juu ya mateka, na mlezi si mzazi, lakini moyo wa mtoto wa miaka tisa haujui tofauti hiyo. Mkimpakia garini akilia, mtamfundisha kwamba Uislamu ndio uliomnyang'anya mama. Rudini kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala, yaani Mwislamu kumlea mtoto bila kuibadilisha nasaba yake. Wakati shauri likiendelea, mtembeleeni, na muombe likizo za shule azipitishe kwa bibi yake mpaka awazoee.

Hapo akiwa nanyi mfundisheni Fatiha na udhu taratibu. Msimkemee kwa kwenda kanisani, hajabaleghe na kalamu haijaanza kumwandikia. Jina la baba yake ndilo la kuombwa mapema, kwa upole, kwani aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao.

Chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwetu kwa aya ya 5 ya Sura Al-Maida. Waombeni tu wamwepushe na nguruwe na pombe.

Sasa lile shamba. Madeni yakishalipwa, mtoto wa kike akiwa peke yake hurithi nusu. Mama yenu ana sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Thuluthi iliyobaki ndiyo yenu ndugu. Wewe umesema mliligawana "sisi ndugu". Nusu ya binti iko wapi? Anayekula mali ya yatima kwa dhulma anakula moto tumboni mwake, na maneno hayo si yangu, ni ya aya ya 10 ya Sura An-Nisaa. Nendeni Mahakama ya Kadhi mirathi igawanywe upya. Kama shamba limeuzwa, fungu lake liwekwe kwa jina lake, na sudusi ya mama yenu apewe, kabla hamjapanda basi la Nakuru.

Wallahu aalam.