Maswali ya Wasomaji: Nyutrino imefika, miale ya gama iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mie mvuvi wa dagaa hapa Tanga, natokea mwalo wa Deep Sea. Juzi tuko baharini tumewasha taa tunasubiri dagaa wapande, redio ikasema chini ya bahari ya Mediterania ilinaswa nyutrino yenye nguvu kupita zote, na mpaka leo ati wanatafuta miale ya gama huko ilikotoka na hawajaipata. Hivi vitu viwili vinahusiana nini? Na kama hawajaiona si ina maana walikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, umeuliza swali zuri sana. Nyutrino ni chembe ndogo mno inayopenya karibu kila kitu, na miale ya gama ni aina ya mwanga wenye nguvu kubwa usioonekana kwa macho. Ni ndugu wa tumbo moja hao. Huko mbali angani protoni, yaani chembe ya ndani ya kiini cha atomi, yenye kasi kubwa ikigonga gesi au mwanga inazaa vitu vidogo mno vinaitwa pioni, havikai, vinavunjika hapohapo, zile zenye chaji ya umeme zinatoa nyutrino na zisizo na chaji zinatoa miale ya gama, ndo maana ukimpata mmoja unamtafuta mwenzie.

Shida ni kwamba nyutrino haikuonyeshi sawasawa ilikotoka. Hiyo uliyoisikia ilinaswa na mtambo wa KM3NeT tarehe 13 Februari 2023, ikatangazwa 2025, na kipande cha anga walichokisia kina upana wa digrii kama 3, yaani miezi mipevu sita ukiipanga mstari, na humo ndani galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, za kushukiwa si moja.

Ila kuna siku ilikubali. Tarehe 22 Septemba 2017 mtambo wa IceCube, huo umefukiwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, vihisi 5,160 chini zaidi ya kilometa moja, ulinasa nyutrino na sekunde 43 tu baadaye taarifa ikaruka dunia nzima. Darubini za kutafuta miale ya gama za H.E.S.S. za hapa kwetu Afrika, kule Namibia, ziligeuzwa saa chache tu baadaye zikakosa, lakini setilaiti ya Fermi, nayo ya kutafuta gama, ikakuta galaksi moja, TXS 0506+056, imewaka kuliko kawaida yake, na siku zilizofuata darubini za gama za MAGIC za kisiwa cha La Palma, Hispania, nazo zikaiona. Wanasayansi wenyewe waliita ushahidi kwamba nyutrino ilitoka humo, hawakusema imethibitika, na mie nawaheshimu kwa hilo.

Sasa kukosea. Hapana mwanangu. Jirani akipika pweza wa nazi mlango kafunga, moto huuoni ila harufu unaipata. Galaksi ya NGC 1068 ndo hivyo, 2022 IceCube walitangaza nyutrino kama 79 kutoka upande wake lakini miale ya gama yenye nguvu kubwa haionekani, kwa sababu inaelekea zinazaliwa karibu kabisa na shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki, ambako mwanga na gesi vimebanana, gama inamezwa humohumo, nyutrino inapita. Kwa hiyo wakiikosa gama nayo ni habari, inakwambia huko kumefunikwa.

Mwezi wa Desemba ukienda siku za giza, subiri Kilimia kipande, nyuma yake zinakuja nyota tatu kali zilizopanga mstari, basi si mbali na hapo ndo ilikotokea nyutrino ya 2017. Galaksi yenyewe kwa macho huioni, mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 4 kufika kwenye ngalawa yako.