Umeokoka, lakini hasira bado iko palepale

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Nimeokoka, nimebatizwa, mikesha sikosi, lakini nikiudhiwa nabwata vilevile. Je, niliokoka kweli?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikawaza wapo wengi wenye swali hilo ila wanaona haya kuuliza.

Mimi niliongozwa sala ya toba nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Pombe iliniachia yenyewe, hilo silisimulii. Kilichobaki ni dada yangu. Tulikosana kwa ajili ya mgao wa mali baada ya baba kufariki, na jina lake likitokea kwenye simu nilikuwa naigeuza kifudifudi, naiacha iite mpaka ichoke. Nami nimeokoka! Tena mwanakwaya! Kwenye maombi nilisema, "Bwana, wabariki ndugu zangu wote," nikijua fika kwamba yeye nimemruka.

Siku nilipojikaza nikamweleza kiongozi mmoja wa maombi, ibada iliyofuata akayatoa madhabahuni: kuna mtu humu ana roho ya kutosamehe, wokovu wake ni wa mdomoni. Hakunitaja, lakini macho yake yalinijia moja kwa moja. Kiongozi huyo nimemsamehe, ingawa nikikumbuka bado panachoma. Mtoto mchanga haambiwi si mtu eti kwa kuwa hajasimama dede.

Wapendwa, someni Neno kwa utulivu. Katika Warumi 12:2 Paulo anawaambia watu walioamini tayari kwamba wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao. Kama yote yangeisha siku ya kuamini, angewaandikia ya nini? Na yule kipofu wa Bethsaida, Marko 8: baada ya kuwekewa mikono alisema anaona watu kama miti, ila wanatembea. Yesu hakumwambia imani yake ni haba. Alimwekea mikono tena.

Yupo pia John Newton, baharia Mwingereza aliyemlilia Mungu katika dhoruba mwaka 1748. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa, akaacha safari hizo mwaka 1754, na kijitabu chake cha kuipinga biashara hiyo kikatoka mwaka 1788. Wengine humtumia kujifariji kwamba Mungu hana haraka. Mimi humkumbuka kwa hofu, maana yeye akiwa bado anakua kiroho, kuna watu walikuwa wamefungwa minyororo chini ya sitaha yake.

Kwa hiyo usibweteke. Mwombee aliyekuudhi kwa jina lake. Nilipoanza, nilitaja jina la dada nikanyamaza, sauti haikutoka. Baadaye nikaweza kuomba alale salama, watoto wake wafaulu. Sikuomba Mungu amnyooshe. Maombi ya namna hiyo ni kumsema mtu huku umefumba macho. Endelea kuomba hata kama husikii chochote moyoni. Omba, narudia, kwa jina. Leo ukoo ukiwa na ugomvi mimi ndiye ninayeitwa kusuluhisha, na sioni aibu kulisema hilo kwa utukufu wa Mungu.

Halafu kuna jambo ambalo mahubiri mengi ya mabadiliko hulipita haraka: kurudisha. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mwenye kosa aungame, alipe, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alivuka hapo. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwalipa mara nne. Mimi nilimpelekea dada fungu lake na nyongeza kidogo. Alipokea bila kusema asante, akaniuliza kwa nini nimechelewa, na nikamsikiliza mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo moyoni. Ilichukua mchana kutwa. Nawe kama unadaiwa, lipa kabla ya mkesha ujao. Kama huwezi kulipa lote, peleka sehemu, na umtajie tarehe ya sehemu inayofuata.