Kapteni wa Webuye na kaunta buku yake

Mhariri, juma lililopita mliwauliza wasomaji ni mwanamichezo gani wa mji wao aliyeendelea kuutumikia mji huo baada ya kutundika njumu, na ni jambo gani lake wanalolikumbuka zaidi. Najua wengi watawataja wanariadha, nao wana haki, kwa sababu Kipchoge Keino, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 jijini Mexico City mwaka 1968 na baadaye akawalea mayatima wengi Eldoret, anatosha kuwa jibu la eneo zima. Mimi namtaja mtu ambaye hakuvaa jezi ya taifa hata siku moja, naye ni mjomba wangu, khocha kama tusemavyo Kibukusu, ambaye Webuye nzima ilimwita Kapteni hadi alipofariki.

Kwa msomaji aliye mbali, Webuye ndio mji wa magharibi mwa Kenya ambao ramani za zamani ziliuita Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya Mto Nzoia tunayoyaita Nabuyole, na tangu miaka ya 1970 maisha yake yalikizunguka kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Siku hizo viwanda vya magharibi vilikuwa na timu za kandanda, Mumias na Nzoia kwenye sukari, sisi kwenye karatasi, na mchezaji alikuwa mfanyakazi kwanza. Mjomba aliingia zamu ya asubuhi, akatoka mchana akiwa na vumbi la magogo kwenye nyusi, akala ugali kwa haraka na kuelekea uwanjani. Alicheza beki wa kushoto kwa miaka 11, na sina bao lake hata moja la kuwasimulia. Joe Kadenge, nyota wa kandanda wa Kenya, alikuwa na redio ya kumtangaza, hata msemo wa "Kadenge na mpira" ukabaki vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Mjomba alikuwa na sisi watoto tuliokaa nyuma ya goli, na nusu yetu tulikuwa tukimtazama namba tisa.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni kaunta buku yake. Timu ya wakubwa ilipopata njumu mpya, zile kuukuu aliziomba kwa ajili yetu wavulana aliotufundisha jioni, na kila jozi iliingia kitabuni kwa safu nne alizozipiga kwa rula: jina, namba ya kiatu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Aliandika kwa wino wa buluu, na kiatu kilichochelewa kilipigiwa mstari mwekundu. Hakumgombeza mtu yeyote. Alikifungua tu kitabu mbele yako, akaweka kidole kwenye mstari wako, akanyamaza.

Alipoacha kucheza aliombwa kuwa mzee wa mtaa, kazi ambayo wakati huo haikuwa na mshahara bali ilikuwa na wageni wa saa nane za usiku, na akaifanya kwa kaunta buku ileile. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 na familia zikaanza kurudi vijijini mwao, aliita mkutano chini ya mwembe, akaandika jina la kila mtoto wa sekondari aliyebaki mtaani, na kuanzia hapo mchango wa karo na wa matanga ukawa ukipitia kwake. Majina ya wachangaji aliyaandika kwa mpangilio wa kufika, bila kiasi, ili aliyeleta shilingi 20 asionekane mdogo mbele ya aliyeleta 2,000. Kiasi kilikaa kwa mweka hazina.

Hapo, kwa heshima zote, nadhani alikosea. Mwaka mmoja fedha za matanga zilipungua, mweka hazina akasema hivi na wachangaji wakasema vile, na kaunta buku haikuweza kuamua kwa sababu haikuwa na tarakimu. Nilimwambia, "Khocha, andika hata kiasi." Akanijibu kwamba anayeandika kiasi atawapata wachangaji 15 matajiri na kuwapoteza 100 maskini, kisha akauza ndama wake ili kuziba pengo. Mjomba wa kike, yaani mkewe, hakufurahishwa na hesabu hiyo, na mimi nilikuwa upande wake.

Alifariki mwezi Mei mwaka 2020, wakati serikali ilikuwa imeamuru kwamba mazishi yasihudhuriwe na zaidi ya watu 15. Mtu aliyeusimamia msiba wa karibu kila nyumba mtaani alizikwa asubuhi na mapema na watu ambao wangeenea kwenye matatu moja yenye kujaa kidogo. Kuwachagua hao ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchimba kaburi. Kaka yangu alisema tuwahesabu kama kikosi, 11 na wanne wa akiba, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Wengine walisimama kando ya barabara, wameachiana nafasi na kufunika nyuso kwa barakoa, gari lilipopita. Kumuse, yale maneno ya hadhara ambayo Wabukusu humtolea mzee wa heshima baada ya maziko, haikuwezekana, ingawa wapo waliobisha kwamba hata umri wake haukuwa umeifikia.

Kaunta buku nilipewa mimi. Miezi kadhaa baadaye niliipitia ukurasa kwa ukurasa, kutoka karo hadi matanga hadi kule mwanzo kwenye njumu, na mwezi Juni wa mwaka 1991 nikakuta jina langu, namba 6, jozi moja, mstari mwekundu, na safu ya nne iko wazi. Zile njumu nilimuuzia mvulana wa Bungoma.